Fidia, Kilema na Haki ya Kurudi Kazini

Neno fidia limo katika kila karatasi ihusuyo mfanyakazi aliyeumia kazini. Limo katika jina la sheria, katika jina la Mfuko, katika fomu na katika hukumu. Wafasiri hulitumia bila kulitilia shaka, na sisi hatukusudii kulitoa mahali pake. Hata hivyo, tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, maneno ya namna hii yamepata uzito ambao hayakuwa nao hapo zamani. Zamani neno la Kiswahili lilipopotoka, hakimu alikuwa na Kiingereza cha kurejea. Sasa neno la Kiswahili lenyewe linaweza kumpa mtu kazi au kumnyima.

Katika makala haya tutachunguza historia ya maneno machache: fidia na dai, kilema na ulemavu, pamoja na yale yahusuyo kuondolewa na kurudishwa kazini. Swali linalotuongoza ni moja. Mfanyakazi akiumia, akadai, akalipwa, je, haki yake ya kuendelea na kazi ile, au ya kupata nyingine, hubaki kama ilivyokuwa? Sheria za kazi zimefika, kwa hatua za polepole, kusema kwamba hubaki. Maneno yetu, kwa sehemu kubwa, bado yanasema kwamba mtu amekwisha lipwa, basi na aende.

Tuanze na fidia. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mali itolewayo ili kumkomboa mtu, hasa mateka. Madan, katika kamusi yake ya mwaka 1903, alilieleza kwa maana hiyohiyo ya kikomboleo. Waislamu wa pwani walilijua pia katika mambo ya saumu: mzee au mgonjwa asiyeweza kufunga, wala asiyetarajia kuweza, hulisha maskini, na chakula hicho ndicho fidia yake. Wafasiri wa Biblia nao walilichukua kueleza wokovu. Katika matumizi yote matatu, msomaji ataona umbo moja la fikira: kitu hutolewa, kifungo hufunguka, na aliyetoa hana tena deni. Fidia humaliza jambo.

Kiswahili kilikuwa na neno jingine lililokaribia zaidi mwili wa mtu, nalo ni dia, yaani malipo ya damu. Mtu akiuawa au kujeruhiwa, jamaa zake hulipwa dia na aliyetenda au na ukoo wake. Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wa sheria hawakulishika hilo. Sisi tunaona kwamba, wakijua au wasijue, walichagua vema. Dia humtafuta mkosaji, ilhali msingi wa sheria za fidia za wafanyakazi ni kwamba mkosaji hatafutwi. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga yake mwaka 1897. Katika zote mbili mfanyakazi alipewa malipo bila ya kulazimika kuthibitisha uzembe wa tajiri wake. Na yeye kwa upande wake alipokea kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida kilikuwa kidogo kuliko hasara yake. Mapatano hayo ndiyo yaliyoletwa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya 1940, yakawekwa katika Sura ya 263 ya sheria za nchi.

Sura hiyo ilieleza malipo kwa marefu na mapana. Ilieleza kidole kina thamani gani na jicho lina thamani gani. Ilikuwa sheria ya malipo, na mfanyakazi alipokwisha hesabiwa na kulipwa, kazi ya sheria ilikuwa imekwisha. Kima cha juu kilichotajwa, shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo, kilibaki vitabuni hata fedha hiyo ilipokuwa haitoshi kununua vitu vya maana. Hapa neno fidia na sheria vilikubaliana kabisa, kwani vyote viwili vilimaliza jambo.

Lakini yafaa tuulize, mfanyakazi mwenyewe aliitwaje katika zama zile? Jina lake linatueleza alikuwa na haki gani ya kurudi. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo: ni cheti walichopewa watumwa wa Unguja wa karne ya 19 waliokodishwa kwa kazi ya siku, kisha jina la cheti likawa jina la mtu. Manamba wa mashamba ya mkonge walipata jina lao kutokana na namba waliyopewa walipoandikishwa. Katika mashamba hayo kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulifuata kujazwa kwa kadi. Mtu aliyeitwa kwa cheti chake au kwa namba yake alikuwa mtu wa kubadilishwa. Akikatwa mkono na ile mashine ya kuchakata mkonge ambayo watu wa Tanga waliiita korona, kadi yake haikujaa, na namba nyingine ilikuwapo. Wazo la kwamba kazi yenyewe ni haki yake halikuwa na neno, kwa sababu halikuwa na mahali.

Mahali hapo palianza kuonekana mwaka 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana na wafanyakazi wakawekwa chini ya chama kimoja cha NUTA. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyounda kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi na kuweka kanuni za nidhamu, ili mwajiri asimfukuze mtu kwa hasira ya siku moja. Jina la sheria hiyo kwa Kiingereza lilitumia neno ambalo sisi tumezoea kulifasiri usalama. Hapa pana mtego ambao haujaondolewa hadi leo. Usalama kazini, kwa mazoea ya sasa, ni kinga dhidi ya ajali na maradhi. Ndiyo maana tunao Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria ya mwaka 1964 haikuhusu mashine wala moto. Ilihusu mtu kutoondolewa ovyo. Dhana hii ya pili tungependa iitwe uhakika wa ajira, na tungeomba wafasiri wasiiite usalama hata pale Kiingereza kinapowavuta. Mtu aliyekosa usalama kazini akaumia ndiye ahitajiye zaidi uhakika wa ajira, na si haki dhana zote mbili zigombanie neno moja mdomoni mwake.

Sheria ile ilikuwa na tundu. Kufukuzwa kwa kosa kulidhibitiwa, lakini sheria ya ajira ya mwaka 1955 iliruhusu mkataba kumalizwa kwa notisi. Mtu ambaye mkono wake umepungua nguvu hana kosa lolote. Kwa hiyo hakuna haja ya kumfukuza. Huachishwa. Kiswahili kimeitunza tofauti hii kwa uangalifu kuliko watu wengi wanavyodhani: kufukuzwa kuna aibu ndani yake, kuachishwa hakuna. Mwajiri anaweza kumwachisha mtu kwa upole kabisa, akamshukuru na kumpa mkono, na matokeo yakawa yaleyale.

Marekebisho ya mwaka 1975 yaliongeza jambo ambalo kwa mtu wa istilahi ni la ajabu. Mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mfanyakazi kazini aliweza kukataa, mradi alipe nyongeza ya mshahara wa miezi 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliichukua njia hiyohiyo: mwajiri aliyeamua kutomrudisha mtu alitakiwa kulipa fidia ya mishahara ya miezi 12, juu ya mishahara na haki nyingine zilizolimbikizwa. Ni fidia kwa maana ya Madan hasa. Mwajiri anajikomboa kutoka katika amri, na kifungo kinafunguka.

Ndipo tatizo letu linapokuwa wazi. Kwa neno hilo moja sasa tunataja malipo ya mwili ulioumia na malipo ya ajira iliyovunjwa. Milango yake ni miwili. Malipo ya mwili hutoka katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 (ambayo nayo ilipewa Sura ileile ya 263) na ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Malipo ya ajira hupatikana kwa kupeleka lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kanuni za mwaka 2007 ziliweka muda wa siku 30 kwa mtu anayelalamikia kuachishwa. Msomaji na afikirie mtu aliyevunjika mguu, akaachishwa akiwa bado anatembelea magongo, naye amekwisha jaza fomu za Mfuko. Akiulizwa anangoja nini, atasema, "Nangoja fidia." Hajui kwamba ipo fidia nyingine, na kwamba siku zake zinahesabiwa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza neno fidia lisiachwe peke yake katika sheria, fomu na mafunzo. Kuwe na fidia ya kuumia na fidia ya kuachishwa. Kwa malipo ya Mfuko liko pia neno mafao, ambalo Mfuko wenyewe hulitumia, nalo lina sifa moja njema: mafao hayamalizi jambo. Mtu hupata mafao huku bado ni mwanachama, bado ni mtu wa kazini. Sheria ya mwaka 2008 yenyewe iko karibu zaidi na mafao kuliko fidia ya zamani, maana mwenye ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake akingoja kupona. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hupata pensheni ya kila mwezi. Na huduma za utengamao zimo, yaani kumsaidia mtu arudi katika maisha na katika kazi. Hakuna anayemtengamanisha mtu ambaye amekwisha achana naye.

Sasa tuingie katika kilema. Johnson na wenzake, katika kamusi ya mwaka 1939, waliliweka neno hili kwa maana ya kasoro ya mwili na pia ya mtu mwenye kasoro. Kwa sarufi, mtu huyo aliwekwa katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kisu. Wapo watakaosema kwamba kiongozi na kijana nao wana umbo hilo, na ni kweli. Lakini kiongozi haitwi kwa pungufu lake. Baadaye likaja mlemavu, na mtu akaingia ngeli ya watu. Kisha mtu mwenye ulemavu, kama ilivyo katika jina la sheria ya mwaka 2010. Kati ya hayo palikuwa na neno asiyejiweza, ambalo lilienea sana katika miaka ya 1970 na 1980. Sisi tunaliona kuwa ndilo baya kuliko yote, ijapokuwa lilitamkwa kwa huruma. Mwaka 1982 ilitungwa sheria iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu hao. Kwa hiyo mwajiri aliambiwa aajiri wasiojiweza! Sheria ya mwaka 2010 ilipandisha kiwango kuwa asilimia 3 kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, na kwa bahati njema ilikuta neno limekwisha chakaa.

Suala zito zaidi liko katika kifungu cha 37 cha sheria ya mwaka 2004, na hapo tunawaomba wafasiri wasimame kidogo. Kifungu hicho kinakubali kwamba uwezo wa mfanyakazi katika kazi yake unaweza kuwa sababu halali ya kumwachisha. Kifungu hichohicho kinakataza kumwachisha mtu kwa sababu ihusuyo ulemavu. Kiingereza kimetumia maneno mawili yaliyo mbali, na mwanasheria huyatenganisha bila shida. Kwa Kiswahili tumezoea kusema ulemavu kwa yote: kiungo kilichopungua ni ulemavu, kushindwa kazi ni ulemavu, asilimia ya daktari ni ulemavu. Hati ya kuachishwa ikiandikwa hivyo, itaruhusu na kukataza jambo lilelile katika ukurasa mmoja. Wala si suala la hati tu. Mfanyakazi aliyepewa asilimia 20 na daktari wa fidia hufika kazini na karatasi inayosema ana ulemavu wa kudumu wa asilimia 20, na msimamizi asiyekuwa na nia mbaya huisoma kwamba uwezo wake wa kazi umepungua kwa asilimia 20. Haisemi hivyo. Mshona nguo aliyepoteza kidole na karani aliyepoteza kidole hichohicho wanaweza kupewa asilimia zinazokaribiana, na karani akaendelea na kazi yake siku aliyotoka hospitali.

Tunapendekeza, basi, ulemavu ubaki kwa hali ya mwili na kipimo cha daktari, na kutomudu kazi kuwe istilahi ya mtu kushindwa kazi fulani. Kumudu ni kitenzi kizuri hapa. Daima kinauliza: kumudu nini? Kutomudu kazi hii hakumaanishi kutomudu ile. Na ndivyo kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinavyomtaka mwajiri afikiri: achunguze chanzo cha hali hiyo na kiasi chake, kama ni ya muda au ya kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa au mtu kupewa nyingine. Aliyeumia katika kazi ya mwajiri huyohuyo, mwajiri anatakiwa ajitahidi zaidi kumtafutia nafasi. Hali kadhalika, kurudishwa kazini na kuajiriwa upya visichanganywe. Aliyerudishwa huhesabiwa kwamba hakuondoka, na mishahara yake haikukatika. Aliyeajiriwa upya anaweza kuanza kwa masharti mengine. Tofauti yake hupimwa kwa fedha, na kwa miaka ya utumishi.

Neno dai lina historia fupi lakini si jepesi. Katika mahakama zetu mdai ni yule aliyefungua kesi, na mdaiwa ni aliyeshitakiwa katika kesi hiyo. Mitaani mdai ni mtu anayekuja mlangoni kwa ukali. Mfanyakazi akiambiwa "dai fidia yako" husikia ndani yake "mshitaki bwana wako", na mwajiri naye husikia vivyo hivyo. Kwa sheria ya zamani hawakukosea sana, kwani malipo yalimhusu mwajiri au kampuni yake ya bima. Tangu mwaka 2015 waajiri wote huchangia Mfuko kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa kuwa 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Anayedaiwa sasa ni Mfuko. Wapo waliopendekeza kwa nia njema kwamba tuseme kuomba fidia, ili kupunguza ukali. Hatukubaliani nao. Mwenye haki haombi, na anayeomba anaweza kuambiwa arudi kesho. Ukali na uondolewe kwa kumtaja anayedaiwa: dai la mafao kwa Mfuko, na mtu aitwe mdai mafao. Anayepeleka jambo la kuachishwa kwenye Tume ana jina lake tayari, naye ni mlalamikaji.

Hofu ya kudai haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya jimbo la Indiana, Marekani, iliamua shauri la mwanamke aliyeumia mkono kazini, akadai, akalipwa, na baada ya muda wa kama mwezi akaachishwa bila ya kupewa sababu. Sheria ya jimbo hilo ilimruhusu mwajiri kumwachisha mtu wakati wowote. Mahakama ilisema kwamba, pamoja na hayo, haki ya fidia haiwezi kuwa haki ikiwa anayeitumia hupoteza kazi kwa kuitumia. Majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1982 mkataba wa kimataifa namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani ulieleza kwamba kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kuachishwa, wala kutokuwapo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa au kuumia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataja malalamiko dhidi ya mwajiri kwa maneno yanayokaribiana na hayo, na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia kumwachisha mtu kwa kuwa ametumia haki aliyopewa na sheria yoyote. Sheria yoyote, ikiwamo Sura ya 263.

Kwa tendo hilo linalokatazwa bado hatuna istilahi iliyotulia. Wengine husema kuachishwa kwa visasi. Neno kisasi linafaa kwa kuwa linaonyesha kwamba tendo la pili limezaliwa na la kwanza. Lakini kisasi hulipwa kwa ubaya, na kudai mafao si ubaya aliotendewa mwajiri. Tungependa kuachishwa kwa kutumia haki. Ni refu, nasi tunakiri kwamba marefu hayadumu vinywani. Ila mahakamani urefu huo una faida, maana humlazimu msemaji kutaja haki iliyotumika.

Limebaki suala la kazi nyingine, kwa mwajiri mwingine. Sheria ya mwaka 2004, inapokataza ubaguzi, inamhesabu mwombaji wa kazi pamoja na mwajiriwa, na ulemavu umo katika mambo yasiyoruhusiwa kubaguliwa. Inamtaka pia mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi. Jina hilo tunaliunga mkono, kwa sababu linataja utumishi wa mtu na si namna alivyoondoka. Sheria ya Kenya hueleza yatakayoandikwa katika cheti cha namna hiyo: majina, tarehe ya kuanza na ya kuacha, aina ya kazi na mahali pake. Ajali hazimo, wala fidia. Kenya ina sababu ya kuwa makini na karatasi za namna hii. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe na mshahara, hata mwajiri mpya akaweza kusoma yote ya zamani kabla ya kumwuliza mtu jina lake. Kipande hicho kilifutwa mwaka 1947. Neno limebaki katika Kiswahili cha Kenya kwa maana ya kitambulisho, na wengi walitumialo leo hawajapata kukiona kile kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni.